Kipi Humu ni cha Gadiel

Simu ililia Jumatano asubuhi, Nalepo akiwa katikati ya kumchapia mwanachuo mmoja utafiti wake wa magonjwa ya mbuzi. Aliyepiga ni Yiamat, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, Gadiel. Wakasalimiana. Na watu wa Oldonyo Sambu hawasalimii kwa haraka: waliulizana mvua, watoto, ng'ombe, kisha mvua tena, ndipo Yiamat akafika kwenye lake.

"Shemeji, wazee wamekaa. Jumamosi tunagawa vitu vya kaka. Baba mkubwa Meitamei amesema uje na kila alichokuwa anakishika. Saa, koti, darubini, na ile kompyuta."

Vidole vya Nalepo vilikuwa bado juu ya vibonye vya kompyuta hiyohiyo inayotajwa.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Nitakuja nayo."

Akakata simu, akabaki anaitazama mashine kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto anayemnyonyesha ni wa jirani.

Sasa tuelewane mapema, maana wapo watakaosema mwanamke huyu mchoyo, anagombania kompyuta na mume hajamaliza miezi minne kaburini. Ngoja kwanza. Nalepo hakuwa na duka, hakuwa na mshahara. Alikuwa na chumba cha mbele kule Engutoto, meza, printa inayokohoa, na kompyuta hiyo. Kwa kompyuta hiyo alichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mihtasari ya vikao vya kina mama, na alifanya ile kazi iliyompa jina mjini, kutafsiri. Ukitaka tangazo la chanjo litoke kwenye Kiswahili liingie kwenye Kimaa bila kuwachekesha mabibi, ulielekezwa kwa Nalepo. Kompyuta ikibaki Oldonyo Sambu, Jumatatu hana kazi, na binti yake Blessing, aliye darasa la sita, alikuwa analishwa na vibonye vile. Basi mambo yalikuwa hapo, tusizunguke.

Tena, na hili ndilo lililomchoma, kompyuta ilikuwa yake. Au tuseme alikuwa na hakika kwamba ni yake mpaka Jumatano hiyo, saa tatu kasoro, simu ilipolia.

Ilianza hivi. Gadiel alikuwa dereva wa watalii, na miaka minane nyuma mgeni mmoja, akiwa anaagana naye kwenye loji ya Usa River, alimwachia kompyuta aliyokuwa anatembea nayo. Haikuwa kama hizi nyingine. Kompyuta nyingi za siku hizi zimebandikwa kwa gundi kila upande, betri ikifa unaambiwa katafute nyingine nzima. Hii ilikuja na bisibisi yake. Unaigeuza, unalegeza skrubu tano, unainua, na viungo vyote viko mbele yako na kila kimoja kimeandikwa jina: betri hii, memori hii, feni ile pale. Kilichokufa unakitoa, unaweka kingine, unafunga, unaendelea na kazi yako. Gadiel alipompelekea fundi mmoja mjini aitazame, fundi alinuna kabisa. Akasema kitu kinachofunguka kirahisi namna hiyo hakiwezi kuwa na akili ndani.

Basi ikawa inakufa kiungo kimoja kimoja, kila kimoja kwa zamu yake. Na kila kilipokufa, Gadiel alikuwa porini na wageni, na aliyehangaika kutafuta kingine alikuwa mkewe. Ndiye aliyejifunza kuifungua na kuifunga. Alifika mahali anajua kwa kusikia feni tu kwamba leo kuna vumbi ndani. Gadiel akirudi safari anakuta mashine inakwenda, anaangalia mpira, anailaza, anaondoka. Kwa watu, hata hivyo, iliitwa kompyuta ya Gadiel, na Nalepo mwenyewe aliiita hivyo. Wakati ule jina halikuwa na uzito wowote.

Jumamosi alimwacha Blessing kwa jirani, akaifunga kompyuta kwenye kitenge, akaondoka. Wanaokaa Engutoto wanaujua mlima Meru wa kijani, wa ukungu na mifereji. Ukizunguka nyuma yake, Oldonyo Sambu, mlima huohuo ni mkavu, na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nalepo alitembea kutoka barabarani ameukumbatia mzigo wake kifuani. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Nyumbani kwa kina Gadiel kondoo alikuwa ameshachinjwa. Wazee watano walikaa nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na upepo, kwenye viti vya plastiki. Meitamei, kaka mkubwa wa baba yake Gadiel, ndiye aliyeshika kikao. Huyu alikuwa mwandishi wa mnada wa mifugo kwa miaka thelathini, goti lake moja bovu, uvumilivu mdogo. Nalepo akainamisha kichwa mbele yake, mzee akamgusa utosini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Tumechelewa."

Mama yake Gadiel, Yeyo Nosim, maana kwao yeyo ni mama, alikuwa amekaa chini kwenye ngozi karibu na ukuta, amejifunika shuka mpaka masikioni. Tangu mazishi alikuwa amepunguza kusema. Nalepo alimsalimu, akajibiwa kwa kichwa, akaenda kukaa pembeni yake.

Sala ikasomwa, vitu vyepesi vikatangulia. Saa ilikwenda kwa mtoto wa shangazi. Darubini alipewa mwenzake Gadiel wa rika aliyesafiri naye porini. Koti zito alipewa Meitamei mwenyewe, naye akalivaa palepale kwa sababu ya upepo, na Nalepo akalazimika kuangalia pembeni, maana mabega yalikuwa kama ya Gadiel.

"Kompyuta," akasema Meitamei.

Yiamat alisimama. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kofia yake ameishika mikononi.

"Wazee, mimi nilibaki na ng'ombe ili kaka asome," akasema. "Sijutii. Na sitaki kudanganya mtu, kuitumia sijui. Naomba ikae kwangu tu, mezani. Watoto wangu wakiniuliza baba yao mkubwa alikuwa mtu wa namna gani, niwaonyeshe kitu alichokuwa anakishika kila siku."

Akakaa. Wazee wakaguna kwa kukubali. Nalepo alitamani sana shemeji yake angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemjibu. Huyu ungemjibu nini?

"Nalepo, una neno?" aliuliza Meitamei.

"Ninalo, baba. Kompyuta hii ni yangu."

Wanawake waliokuwa jikoni wakaacha kuosha vyombo.

"Nani alikuja nayo nyumbani?"

"Gadiel. Alipewa na mgeni."

"Basi umeshajijibu."

"Aliyokuja nayo haipo, baba. Imekwisha. Ilikuwa inakufa kidogo kidogo, na kila kilichokufa nilikiweka kingine mimi. Hii unayoiona siyo ile."

Meitamei akalikunja goti lake bovu kwa mikono miwili, akalinyoosha.

"Sikiliza, mwanangu. Baba yangu aliniachia ng'ombe kumi na wawili. Leo hakuna hata mmoja wao anayepumua. Wengine tulikula, wengine waliuzwa, ukame ukamaliza waliobaki. Lakini nenda pale zizini uwaone. Hao ni ng'ombe wa baba yangu. Kila mtu hapa anajua hivyo. Ng'ombe wamebadilika, kundi ni lilelile."

Nalepo hakuwa amejiandaa kwa hilo. Tangu Jumatano alikuwa amejipanga kujibu ukali, na hapa amepewa hoja yenye akili. Na ubaya wa hoja ile ni kwamba ilimwingia. Kama kundi ni lilelile, basi kompyuta ni ileile, na miaka minane ya kuhangaika kwake ilikuwa miaka ya kuchunga mali ya mtu mwingine.

"Ng'ombe wako walizaana, baba," akasema taratibu. "Huyu ametoka kwa yule. Betri ya zamani haikuzaa hii. Humu hakuna kilichozaliwa. Kila kilichomo kilitoka nje, na kila kilichotoka nje kuna mtu alikwenda kukitafuta."

Mzee mmoja akacheka puani. Meitamei akakuna kidevu. Mambo ya mnyama ametoka wapi, nani kamleta, alipitia mlango gani, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote, na hapo macho yake yakaamka.

"Haya. Ifungue. Tuangalie mmoja mmoja. Kilichotoka mkononi mwa Gadiel kitakuwa cha nyumba hii. Kilichotoka mkononi mwako ni chako. Umekubali?"

"Nimekubali."

Alikubali haraka mno, na alijua hivyo neno lilipokuwa bado mdomoni. Lakini lilishatoka.

Akatandika kitenge juu ya stuli, akaigeuza kompyuta, akatoa bisibisi. Skrubu tano. Akaitenganisha kava ya chini, akaiweka kando.

"Hii ya chini ni ya Gadiel, ile ya mwanzo," akasema. "Haijawahi kufa."

"Ngozi," alisema mzee aliyecheka. "Ngozi ndiyo iliyobaki."

"Na huyu mweusi?" Meitamei alinyoosha fimbo.

"Betri. Ya kwanza ilivimba mpaka ikanyanyua vibonye. Hii niliiagiza mimi, ikachukua miezi miwili, ndege hazipendi kubeba betri. Nilikuwa nachapa umeme ukiwepo tu."

"Wako. Huyu mdogo?"

"Memori. Kuna mwanachuo nilimchapia kazi yake yote, akaenda kusoma nje. Aliporudi akaniletea hii."

"Wako. Na sahani hii ya kijani?"

"Bodi. Hii ndiyo yenye akili. Niliipata kwa mwaka mzima wa mabango ya chanjo."

"Wako. Kioo?"

"Gadiel aliwahi kuifunga na kalamu ndani, kioo kikapasuka. Hiki kililetwa na mtawa mmoja niliyemtafsiria nyimbo zake."

"Mtawa," alirudia Meitamei, ameridhika, kama aliyesikia kwamba ndama katoka zizi zuri. "Wako."

Wazee walikuwa wameshaingia kwenye jambo lenyewe, wamesogeza viti, shingo zimenyooka. Hata Yiamat alikuja kuchungulia. Na Nalepo, ambaye alikuja na hofu, akajikuta anasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijisikia yuko mahali pake. Feni, wako. Diski, wako. Spika, alizibadilisha mwenyewe Blessing alipozimwagia maji. Wako, wako.

"Imebaki hii ya kuandikia," akasema Meitamei.

Kibodi. Nalepo aliiangalia. Ilikuwa safi, herufi zake zote zinasomeka, haina hata mwaka. Bila kibodi mashine nzima ni sinia. Akiiacha hapa, nyingine itafika lini? Mabango ya wilaya yalikuwa yanasubiriwa Ijumaa.

"Hii nayo nilinunua mimi," akasema.

Aliisema akiwa ameinama, anajifanya anapanga skrubu. Meitamei alikuwa ameshafungua mdomo kusema wako.

"Hiyo hapana," alisema Yiamat.

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Hiyo nilikwenda kuipokea mimi, shemeji. Usa River, lojini. Kaka alinipigia simu akiwa anaumwa kitandani, akaniambia kuna mgeni kamletea mzigo, nimchukulie. Nikamletea mpaka Engutoto. Nilimkabidhi yeye, mkononi."

Nalepo angeweza kusema ilikuwa nyingine. Alilifikiria hilo kwa muda mfupi kabisa, na aibu ya kulifikiria ikawa kubwa kuliko aibu ya kukamatwa.

"Ni kweli?" Meitamei aliuliza.

"Ni kweli, baba."

"Kwa hiyo umetudanganya."

"Hiyo moja nimewadanganya."

"Moja." Mzee akaegemea kiti, na lile koti la Gadiel likajikunja tumboni. Alikuwa amekasirika kweli, hasa kwa sababu alikuwa ameshaanza kumwamini. "Mnadani mtu akinidanganya ng'ombe mmoja, sikuwa naandika hata mmoja wa wale wengine. Sasa nitajuaje habari za mtawa? Nitajuaje habari za huyo mwanachuo? Funga mashine. Inabaki hapa. Yiamat ataichukua."

Basi. Kweli saba zimefutwa na uongo mmoja. Nalepo alianza kukusanya skrubu. Moja ikamponyoka ikaanguka kwenye vumbi, akapiga magoti kuitafuta. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakaja hapo, akitafuta skrubu, mbele ya wanaume wote wale.

Aliyeiona skrubu ni Yeyo Nosim. Aliiokota kwa kucha, akampa.

"Ulidanganya kwa nini?" akamuuliza. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu asiyeitumia sana.

"Niliogopa, yeyo. Baba amesema kilichotoka mkononi mwa Gadiel ni cha hapa. Na hiyo ndiyo kazi yangu."

"Alinunua ya nini? Si alikuwa mgonjwa? Alikuwa anaandika?"

"Hapana. Hata kijiko alikuwa hakishiki vizuri."

"Sasa?"

Nalepo alijifuta pua kwa ncha ya kitenge. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote jambo hili. Lilikuwa dogo mno, tena alilitunza.

"Ile ya kabla yake, Blessing aliimwagia uji. Herufi A ikawa inagoma, mpaka uigonge kama msumari. Na kwenye Kiswahili, yeyo, A iko kila mahali. Sasa mimi nipo chumba cha mbele nagonga, yeye amelala chumba cha nyuma anasikia. Mchana kutwa. Hakusema kitu. Siku hiyo Yiamat alipoondoka, akaniita, akanipa boksi. Akaniambia, weka hii. Nataka nikusikie unaandika, nimechoka kukusikia unapigana."

Akaiweka ile skrubu iliyookotwa pamoja na nyingine.

"Nikakaa kitandani kwake nikaibadilisha. Skrubu ni nyingi, zaidi ya arobaini. Alinikingia kiganja, nikawa naziweka humo. Mkono ulikuwa unamtetemeka lakini hakuna hata moja iliyoanguka. Baada ya hapo nilirudi mezani, nikaandika, akalala. Ilikuwa siku kumi na moja kabla."

Yeyo Nosim alikuwa anamtazama mdomoni, anamfuata neno kwa neno.

"Siku hiyo alikula?" aliuliza.

"Alikula, yeyo. Supu, na ndizi moja."

"Ndizi yote?"

"Yote."

Mama akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole. Halafu akamgeukia shemeji yake Meitamei, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ikatoka kamili.

"Wewe Meitamei. Nilipoletwa hapa bibi harusi, ndugu yako alinipa nini?"

"Kondoo," alijibu mzee. Alishaona anakopelekwa, hakupapenda.

"Kondoo jike. Na tangu siku hiyo aliniitaje?"

"Paker."

Waliokuwepo hawakuhitaji maelezo. Kwao, mtu akikupa mnyama kwa mkono wake, mnaacha kuitana majina, mnaitana kwa mnyama aliyewakutanisha. Wa ng'ombe ni Pakiteng', wa kondoo ni Paker, na jina hilo halitoki mpaka mmoja azikwe.

"Paker mpaka anakata roho," alisema Yeyo Nosim. "Yule kondoo alizaa, na wanawe wakazaa. Ndugu yako alipokufa mlikaa hapahapa, mkagawa. Kuna aliyeniuliza kondoo wangu ametoka mkononi mwa nani?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulipewa."

"Na huyu alipewa. Mwanangu hakununua cha kwake. Kujishika alikuwa hawezi. Alinunua akampa mkewe, na ninyi mnamliza mtoto wa watu kwa kitu alichopewa." Akavuta shuka mpaka masikioni.

Meitamei alikuwa mtu wa hasira za haraka, hilo kila mtu alijua, lakini mwandishi wa mnada akigundua kwamba kitabu chake kina kosa, hulala nacho vibaya.

"Nalepo, kudanganya umedanganya," akasema hatimaye. "Hilo litabaki juu yako, na mimi sitalisahau kesho. Lakini ulidanganya bure. Kitu ambacho ungeshinda nacho ndicho ulichokificha." Akapumua. "Saa, koti, darubini, vile vilikuwa vimeshakufa na mwenyewe. Hii mashine bado unaikamua, na mtoto wetu anakunywa. Mimi sichinji kitu kinachokamuliwa. Ni yako yote, na ngozi yake. Kikao kimeisha, mwite mwenye nyama."

Viti vikaanza kukwaruza. Nalepo alishinda, na ushindi haukuwa na ladha yoyote. Alimwona Yiamat akivaa kofia yake taratibu, akiwa ameangalia upande wa zizi, mikono mitupu. Yeye aliyebaki na ng'ombe. Yeye aliyetumwa Usa River na kurudi, akabeba boksi bila kuuliza lina nini. Katika vitu vyote vya kaka yake hakuondoka na hata kifungo. Na Nalepo akaona haya, kwa sababu kutwa nzima alikuwa amemhesabu shemeji yake kama mwizi.

Kava ya chini ilikuwa bado kando, hajairudishia. Aliichukua. Ilikuwa imechakaa pembe, na mikwaruzo ya miaka minane ya dashibodi za magari. Akaishika kwa mikono miwili, akamwendea.

"Shemeji. Hii nimekupa mimi."

Yiamat hakuipokea mara moja. "Mzee amesema ni yako yote."

"Ndiyo maana naweza kukupa."

Akaipokea, naye kwa mikono miwili. Meitamei, ambaye goti lilikuwa limemchelewesha kuondoka, akawatazama wote wawili.

"Na hawa sasa wataitana nini?" akauliza. "Kondoo tunajua, ng'ombe tunajua. Hicho kinaitwaje?"

"Kava, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye nyama.

Yiamat aliigeuza kava, akapitisha kidole kwenye matundu madogo ya hewa, akaiangalia mashine pale kwenye stuli, matumbo yote nje.

"Utafanyaje kazi bila hii?"

"Nitaiweka juu ya ubao mpaka nyingine ije. Inawezekana."

"Na ikija hiyo nyingine." Alisita. Hakuwa anamchokoza, alitaka kujua kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ikija hiyo nyingine, kaka atakuwa amebaki wapi humo ndani?"

Nalepo alijua swali hilo lingekuja. Alilikimbia tangu Jumatano, na kila alipotaja kiungo kimoja na mzee akasema wako, lilikuwa linamsogelea.

"Hakuwahi kukaa humu, shemeji," akasema. "Alikuwa anakaa chumba cha nyuma, ananisikiliza."

Yiamat akainamisha kichwa. Akaiweka kava kwapani kama mtu anayebeba kitabu cha nyimbo, akajifuta macho kwa kofia.

"Haya, Pakava," akasema. "Twende tukale, nyama inapoa."